Uzi wa Manjano kwenye Sare Nyeupe

Fundi alikuwa ameshona nguo kwa miaka thelathini, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Kwa hiyo muuguzi alipoingia kibandani na sare yake mkononi, fundi alikunja uso.

"Shikamoo, mama. Sare ni nyeupe, lakini umeishona kwa uzi wa manjano."

"Marahaba. Manjano wapi? Huo ni mweupe pe!"

Binti wa fundi, aliyekuwa akipiga pasi, aliinamisha kichwa. Muuguzi akamgeuza fundi kuelekea kwenye mwanga, akamtazama machoni. Mboni zote mbili zilikuwa na ukungu, ya kulia zaidi.

"Mama, huo ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu, ndiyo maana hata rangi zinakupotea."

"Najua ninaye. Nangoja akomae ndipo nikatolewe."

"Nani kakwambia? Hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi ukianza kushindwa na kazi yako, unakwenda."

Fundi aliogopa, tena sana. Bila macho, cherehani yake ni chuma tu.

Wiki iliyofuata binti alimpeleka hospitali anakofanya kazi muuguzi huyo. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana. Sasa, mtu akiomba kazi kwa fundi husailiwa mpaka atoke jasho, na daktari naye hakusamehewa.

"Mwanangu, kazi hii umejifunza kwa muda gani?"

Daktari akacheka. "Nilisomea udaktari kwanza. Kisha nikasomea macho peke yake, miaka minne, nikisimamiwa na mabingwa. Sasa nimeshapasua macho zaidi ya elfu mbili."

"Yote yakapona?"

"Karibu yote. Machache yalipata matatizo, na si yote yaliyorudi sawa. Sikufichi, mama."

Jibu hilo lilimpendeza fundi. Anayejidai hajawahi kuharibu kitambaa, kwake hapati kazi.

"Matone ya dawa hayawezi kumwondoa?"

"Hayawezi. Ni upasuaji tu."

"Nitaumia?"

"Tunatia ganzi. Utakuwa macho, lakini hutasikia maumivu. Natoa lenzi yenye ukungu, naweka ya bandia. Ni kama nusu saa, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tutaanza na jicho la kulia."

"Halafu unashona kwa uzi gani?"

"Mara nyingi sishoni kabisa. Mkato ni mdogo, hujifunga wenyewe."

Fundi akaguna. Kazi bila mshono! Hiyo hakuwahi kuisikia.

Baada ya upasuaji alipewa masharti. Asisugue jicho wala kuingiza maji. Asiinue mizigo mizito. Atie dawa kwa saa zake. Jicho likiuma au kuona kukififia, arudi mara moja. Na kwa kutunga uzi, atahitaji miwani.

Kesho yake alirudi kukaguliwa. Muuguzi yule yule akamfungua bandeji. Fundi akapepesa. Aliona dirisha. Akamwona binti yake, akamtazama kwa muda mrefu, machozi yakimlenga.

"Kumbe umekonda hivi, mwanangu!"

Halafu akamgeukia muuguzi, akashika ukosi wa sare yake.

"Ala! Uzi wa manjano kama kiini cha yai! Na wewe ukavaa hivi hivi mbele za watu?"

"Nilikuwa nangoja uuone mwenyewe, mama."

"Nimeuona," fundi akasema, akicheka na kulia pamoja. "Nikipata miwani tu, uilete sare. Naifumua yote."