Askari wa Koti Jekundu

"Yule mwenye koti jekundu," mke alisema huku akikunja shuka, "si alikufa?"

Kidole gumba cha mumewe kilikuwa kimeganda juu ya kitufe cha rimoti. Kwenye televisheni, uwanja wa vita ulikuwa umegawanywa miraba kama ubao wa drafti, na kwenye miraba ya chini walijipanga askari wake wadogo, kila mmoja akirukaruka mahali pake kusubiri amri. Katikati yao alisimama mwenye koti jekundu. Yeye hakurukaruka. Alitulia kama mtu anayesikiliza.

"Alikufa," mume alisema mwishowe.

Gemu lilikuwa la zamani, lilitengenezwa Japani, na kila neno ndani yake lilikuwa la Kijapani. Kaka yake, dereva wa lori, ndiye aliyeliokota kwenye rundo la vyombo chakavu, na wawili hao, wasiojua hata herufi moja ya lugha ile, wakajifunza kwa kufa. Unasogeza watu wako wote, unamaliza zamu, kisha adui naye anasogeza wa kwake, na wewe umekaa mikono mitupu unatazama ulipokosea. Askari akianguka harudi. Hilo ndilo lililowanasa.

Sehemu ya majina ilikubali herufi za kawaida, kwa hiyo waliwapa askari majina ya nyumbani. Koti jekundu aliitwa Kaka. Mpiga upinde aliitwa Mdogo. Binti mwenye fimbo, anayetibu majeruhi, aliitwa Shemeji, kwa sababu mke ndiye aliyekuwa akiwasukumia sahani wakijisahau. Binti huyo akianguka, hata kama ushindi umebaki pua na mdomo, kaka mtu alizima mashine na vita vikaanza upya. "Sitamzika shemeji yangu kwa uzembe wangu," alikuwa akisema, na chakula kikapoa tena.

Kisha moyo wa dereva ukasimama akiwa amelala ndani ya lori lake. Mdogo mtu, fundi wa miwani, mwenye mkono usiotetemeka, hakulia msibani. Alirudi kazini, na jioni akawasha mashine, akaweka rimoti ya pili juu ya mto aliokuwa akikalia kaka yake, akasema, "Kaka, njoo tucheze." Akawa anasema hivyo kila jioni. Hata baada ya koti jekundu kuangushwa vitani, na yeye kukosa nguvu ya kuanza upya, hakuacha kualika.

Sasa alinyoosha mkono akaigusa rimoti ya pili. Ilikuwa na joto, kama kikombe kilichowekwa chini sasa hivi.

"Zima," mke alinong'ona.

"Kaseti ya gemu imezeeka tu. Inachanganya mambo."

Lakini alikuwa akitabasamu, na mke, ambaye alikuwa hajaliona tabasamu lile tangu msiba, aliliogopa kuliko kile kilichokuwa kwenye kioo.

Tangu siku hiyo fundi alirudi nyumbani mbio. Koti jekundu alikuwa akisogea mwenyewe, hasubiri amri, na alicheza vizuri: alijua kumvuta adui mmoja mmoja hadi kwenye daraja jembamba, alijua kujificha msituni mishale isimpate. Fundi alicheka peke yake, akainamia mto mtupu na kusema, "Umeona hiyo, Kaka?"

Mke alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akitoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Mchana mmoja, jua limejaa dirishani, alikuwa jikoni akisuuza kikombe, akasikia sebuleni: tik. Kimya. Tik, tik. Ni sauti ya kitufe. Alisogea mlangoni akiwa na kikombe mkononi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mto wa marehemu ulikuwa umebonyea katikati, na waya wa rimoti ya pili ulikuwa umenyooka hewani kana kwamba kuna mtu ameishika rimoti. Hewa ilinuka dizeli, harufu ileile ya nguo za shemeji yake, na chini ya dizeli kulikuwa na harufu nyingine, ya maji yaliyosahauliwa pamoja na maua ndani ya chombo mpaka yakaoza.

Kwenye kioo cheusi aliona sebule yake: kabati, pazia, mlango, yeye mwenyewe mlangoni. Na kwenye mto, mgongo wa mtu.

Jioni alimweleza mumewe kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

"Ni Kaka," mume akasema. "Unamwogopa Kaka?"

"Kaka yako angeniamkia."

Siku iliyofuata, katika kile kisanduku cha maneno ambacho siku zote kilijaa Kijapani, yalijitokeza maneno ya Kiswahili. *Nasikia baridi. Nisogezee Shemeji.*

Fundi alimsogeza binti mwenye fimbo. Fimbo ikang'aa, koti jekundu akapata uhai, na uhai wa binti ukapungua, jambo ambalo gemu lile halikuwahi kufanya. Aliliona. Akalisukuma pembeni moyoni, kama mtu anavyousukuma mlango asiotaka kuuchungulia.

Alfajiri mke aliamka mikono ikiwa baridi. Kazini unga aliokanda ukagoma kuumuka. Wenzake wakamtania kwamba labda amegombana na hamira. Jioni fimbo iling'aa tena. Kesho yake unga uligoma tena, na kabla wiki haijaisha akaanguka mbele ya tanuri, midomo ikiwa ya buluu, mbele ya moto wa kuchoma mikate mia.

Hapo ndipo fundi alipomwita shangazi yake. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene asiye na subira, na watu walimfuata kwa mambo ya majini kama walivyomfuata zamani kwa uzazi. Aliingia, akavuta hewa puani, akatazama televisheni.

"Hawa ndio wanaokufanya usile? Wafupi hivi?"

Kisha akautazama mto, na utani ukamwisha.

"Nani alimwita huyu?"

"Nilimwita Kaka, shangazi."

"Kaka yako nilimpokea kwa mikono hii. Nilisikia kilio chake cha kwanza. Huyu aliyekaa hapa simjui." Akashusha sauti. "Jina la marehemu ni vazi, mwanangu. Wewe umelianika nje kila jioni. Amepita asiye na vazi, amelivaa. Na sasa ameshaonja joto la mkeo."

"Basi tuichome mashine!"

"Uichome, ahamie wapi?" Alielekeza kidevu chumbani, ambako mke alilala chini ya mablanketi yote ya nyumba na bado meno yakigongana. "Umemkaribisha kwa mdomo na mkono wako, utamtoa kwa mdomo na mkono wako. Mimi nitashika mlango tu."

Fundi akaketi, akawasha. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Adui walikuwa wamejaa daraja, na askari wake walikuwa wamebanwa ukingoni, na mraba mmoja tu ulikuwa wazi mbele ya koti jekundu, na yeyote atakayesimama hapo angekufa badala yake.

"Mdogo wangu," mto ukasema.

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Ilikuwa na ukwaruzo uleule wa mtu aliyemeza vumbi la barabara, na sauti ikaendelea kwa upole kwamba safari imekuwa ndefu, kwamba kule aliko hakuna taa, kwamba amechoka na anataka kukaa hapa tu, kwenye mto wake, wacheze mpaka mwisho, na kwamba hakuna kikubwa kinachotakiwa, ni kusogeza kidole tu, "mweke Shemeji mbele yangu, ni kasanamu tu hako, utapata mwingine," na harufu ya dizeli ikawa nzito mpaka machozi yakamtoka, na chumbani mke akaacha kugonga meno, akanyamaza kabisa, na shangazi aliyeshika mlango akaanza kusema kitu lakini fundi hakumsikia tena, kwa sababu alikuwa amelishika neno moja.

"Mwingine?" aliuliza. "Kaka yangu alilala njaa asimpoteze huyu. Alizima vita vizima kwa ajili yake."

Akamrudisha binti nyuma, mbali, hadi mraba wa mwisho kabisa. Mkono wake, mara ya kwanza katika maisha yake, ukatetemeka.

"Kaka yangu amekufa," alisema kwa sauti. "Amekufa, na jina lake si lako."

Akamaliza zamu.

Adui wakasogea, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Koti jekundu alipoanguka, mto ulilia kwa sauti ya kaka, kisha kwa sauti ya mtoto mchanga, kisha kwa sauti ya mke aliyelala chumbani akiomba maji, na fundi akauma mdomo mpaka damu ikatoka lakini hakugeuka. "Toka na ulichokuja nacho!" shangazi alipiga kelele, akafungua mlango kwa nguvu. Kitu kilimpita kikiinua upindo wa gauni lake. Pazia likavutwa nje, likarudi.

Chumbani mke alikohoa, akaita, "Mbona joto hivi?"

Fundi akaweka uso juu ya mto mtupu, akalia kama anayepewa habari za msiba siku hiyo.

Mke alipona, unga ukaumuka. Shangazi aliondoka na mashine yote ndani ya gunia, na hakusema ameipeleka wapi.

Ila jambo moja lilimsumbua fundi. Kila alipojaribu kuikumbuka sauti ya kaka yake, iliyomjia ni ile ya kwenye mto. Jioni moja akaufungua ujumbe wa sauti uliobaki kwenye simu yake, aliokuwa hajathubutu kuugusa tangu mazishi. Mke akaja kukaa karibu.

"Mdogo wangu, nafika kesho. Mwambie shemeji nakuja na njaa ya lori zima." Kisha kicheko.

"Ni yeye," mke alisema, akamshika mkono.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Wakaendelea kusikiliza, maana kicheko kilikuwa bado hakijaisha, ingawa ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde chache tu, na kilizidi kuwa kirefu kuliko wote wawili walivyokikumbuka.