Kufuli ya Usukani, Vuga

Haya yalimfika rafiki yetu Silima, fundi wa magari wa Mlandege, Unguja, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Muhiddin, mkubwa wa ofisi ya serikali, alimpeleka Vuga kutoa bandani gari kuukuu ya mashindano, ya viti viwili. Mwenye gari alikimbia na ufunguo, na usukani ulikuwa umejifunga.

Mlangoni mwa banda, Silima alipiga hodi kwa mazoea.

“Unampigia hodi nani? Hii mali ya serikali! Alasiri gari isipotoka, utalala ndani wewe.”

Muhiddin akamsukuma kizani, akamfungia kwa nje.

Silima akawasha kurunzi, akaingia kiti cha abiria, akakata kufuli ya usukani na kuing’oa. Usukani ukazunguka vizuri. Akaitia kufuli mfukoni. Kurunzi ikafifia, ikazima.

Katika kiza akasikia mlango wa upande wa dereva ukifungwa taratibu, kisha usukani ukalia, tak. Akapapasa, akaushika. Haukwenda kulia wala kushoto. Kufuli bado ilikuwa mfukoni mwake.

Nje, Muhiddin akagonga kwa kejeli. “Hodi, fundi! Hodi!”

Kando ya Silima, kwenye kiti cha dereva, mtu akaitikia, “Karibu.”