Kadibodi Pana

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi wa fremu, bingwa wa kuwacheka wanaoogopa giza. Mama mmoja alimletea picha aliyopigwa akiwa peke yake, ila begani mwake palikuwa na mkono.

“Wa nani huu, mama?”

“Ningeujua ningekuja kwako? Ufunike.”

Fundi akajaribisha kadibodi nyembamba ya kuzungushia picha, vidole vikachungulia. Akachagua nyeusi, pana, akaitoboa katikati, akailaza juu ya picha. Bega likafichika.

Umeme ukakatika. Katika duka lile lisilo na dirisha, kitu kikakwaruza chini ya kadibodi, kwaru, kwaru, kikanyamaza. Mama akaanza kukohoa.

Umeme uliporudi, katikati ya kadibodi ulionekana uso wa mama, na shingo yake, na ule mkono umeikamata.