Nilimvua Niyonzima Jezi Mbele ya Watu

"Vua jezi! Vua hapahapa, msaliti wewe!"

Ndiyo, wadau. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mimi kocha Protasi wa Kibimba. Naandika huku uso unaniwaka kwa aibu.

Niyonzima, winga wangu wa kulia, akavua. Akabaki kifua wazi mbele ya uwanja mzima...

"Kocha, nimefanya nini?"

"Umempelekea mjomba wako wa Kaniha mipango yetu yote!"

Subirini niwaeleze.

Wiki tatu nilikuwa nawafundisha vijana kushambulia kwa pembeni. Krosi za kubahatisha nilizipiga marufuku. Winga akipata mpira, beki wetu anapanda kwa nje. Mlinzi wa wapinzani akimfuata beki, winga anaingia ndani. Mlinzi akibaki ndani, beki anapewa mpira, anafika mstari wa mwisho, anarudisha pasi ya chini kwa straika. Mazoezini ilikuwa moto!

Nusu fainali tukakutana na Kaniha, kutoka Biharamulo. Ili wasituelewe, maelekezo yote nilitoa kwa Kihangaza, lugha yetu ya huku Ngara, inayokaribiana na Kirundi. Niyonzima asili yao ni Burundi, kwa hiyo ananielewa bila shida. Hao wa Kaniha wangejulia wapi?

Lakini aisee! Nikisema "ingia ndani," beki wao Malongo ameshaziba ndani. Nikisema "mpe wa nje," jamaa yuko nje!

Tukapigwa mbili bila.

Ndipo nikamkumbuka yule mjomba wa Niyonzima anayeishi Kaniha. Nikamwambia Niyonzima neno ambalo hata kuliandika naona haya: "Nyie watu wa kuja hamuaminiki."

Akaondoka. Malongo akanijia, anacheka.

"Shikamoo, kocha. Leo umenisaidia sana."

"Marahaba. Nimekusaidiaje?"

Akanijibu kwa Kihangaza safi, cha kwetu kabisa! Malongo ni jina la baba yake, la Kisukuma, lakini mama yake ni wa Rulenge, hukuhuku Ngara...

Na mimi nilikuwa natembea mstarini sambamba na winga wangu, napiga kelele, Malongo anayemkaba yuko palepale!

Aliyetoa siri za timu nilikuwa mimi.

Jioni nikaenda kwa akina Niyonzima. Mama yake, Generoza, alinipa kiti. Nikamvuta kijana nyuma ya nyumba.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamnong'oneza. "Rudi timu."

Akanitazama.

"Kocha, kunitukana ulipaza sauti. Kuniomba radhi unanong'ona?"

Niliondoka nimeinamisha kichwa.

Ndiyo maana naandika hapa, Ngara na Biharamulo yote isome. Makocha wenzangu, mkifungwa, jichunguzeni ninyi kwanza kabla hamjamhukumu mtu kwa alikotoka.

Niyonzima, hukutuuza. Nimekukosea, naomba unisamehe.

Na Jumapili, misa ikiisha, nitasimama nje ya kanisa niyaseme haya tena, kwa sauti.