Mfupa Ulionata Ulimini

Mfupa ulinata ulimini mwa Emerensiana ukakataa kutoka.

Hakushtuka. Katika uchimbaji ule wa mji wa kale juu ya kijiji cha Lipingo, wenzake walichambua udongo, mbegu na vigae vya vyungu, yeye mifupa. Na watu wa mifupa wana mtindo wao wa ajabu: wakishindwa kujua kama walichoshika ni mfupa au jiwe, hukigusisha ulimini. Mfupa hunata, jiwe halinati. Huu aliuvuta kwa vidole, ukamwachia ladha ya tope mdomoni.

Kabla hawajachimba, Bi Notburga, mganga wa pale, alikuwa amewasihi wanyunyize unga kidogo kuwaomba radhi waliolala chini. Dokta Rodrick, kiongozi wao, mtu mwenye shahada nyingi na adabu kiduchu, alicheka. Emerensiana naye akacheka ili kumfurahisha bosi. Kujipendekeza nako ni ugonjwa.

Mchana, siku moja baada ya mfupa ule kumnata, Emerensiana alimpigia simu bintiye Edina, aliyebaki Mbinga kwa bibi yake, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume, katika lugha isiyo Kinyasa wala Kimatengo, pamoja na harufu ya kaburi lililofunuliwa, nayo katikati ya maneno yale ikalitamka jina la Edina, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, huku mwenyewe akijiziba mdomo kwa mikono miwili na sauti ikizidi kupenya kati ya vidole.

Alifika kwa Bi Notburga akilia.

"Shikamoo mama," alinong'ona. "Kuna jitu kinywani mwangu, linamtaka mwanangu."

"Marahaba. Lirudishie mfupa wake."

Haukuwapo tena. Rodrick alikwisha kuusaga ili ukapimwe umri. Bi Notburga alisonya, akasema basi mfupa utalipwa kwa mfupa. Akamng'oa Emerensiana jino la nyuma, akalizika kwenye shimo lile kwa unga na maneno machache, akaonya lisiguswe. Sauti ikakoma. Jioni Emerensiana alizungumza na Edina mpaka mtoto akasinzia, akalia kwa furaha.

Alimweleza Rodrick yote, akamsihi asiliguse shimo. Rodrick alimtazama kama anayesikiliza mbuzi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi walikuja wageni wakubwa kukagua kazi, na bwana mkubwa Rodrick hakuwa na cha maana cha kuwaonyesha. Emerensiana alimkuta amesimama shimoni, ameinua juu jino alilong'olewa yeye, anawaeleza bila haya kwamba ni la malkia wa mji ule. Rodrick aliijua vizuri damu iliyokuwa bado kwenye mzizi wake, mwongo yule, akaifunika kwa kidole gumba.

Emerensiana alifumbua mdomo apige kelele. Simu ikaita mfukoni. Mkono wake ukaipokea, wala si yeye aliyeuinua.

"Mama?" Edina aliuliza. "Mama, unarudi lini?"

Safari hii sauti nzito ilijibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa.

"Leo, mwanangu. Nifungulie mlango."