Safura Katika Kitalu cha Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, kazi yake ni kuotesha miche. Nyuma ya nyumba yao kuna kitalu chenye viriba elfu nne. Kiriba ni kifuko cheusi cha plastiki. Hujazwa udongo, kisha mbegu hupandwa ndani yake. Juu ya viriba hivyo wamejenga kichanja cha nyasi ili jua lisiunguze miche michanga. Mtaani wote wanamwita Mama Miche, ingawa wakati ninaousimulia alikuwa hajazaa hata mtoto mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Nampenda wifi yangu. Ila mdomo wangu haumwachi apumue, na wake hauniachi mimi. Mawifi ndivyo tulivyo.

Kila asubuhi Mama Miche alivua ndara zake na kuingia kitaluni pekupeku. Hakumwagilia maji mpaka akanyage kwanza. Alipita polepole katikati ya viriba, akisimama hapa na pale.

"Hapa maji bado yapo," alisema. "Pale pamekauka."

Nilikuwa nachomeka kidole kwenye udongo ili nimfumanie amekosea. Sikumfumania hata siku moja. Miche ya watu wengine ilikufa kwa kiu, au ilioza kwa maji mengi. Ya kwake ilisimama yote. Nilimtania sana, lakini moyoni nilikuwa namvulia kofia.

Udongo wa kujaza viriba aliuchota kaka. Aliutoa kichakani, juu kidogo ya nyumba. Ulikuwa udongo mweusi, laini, wenye majani yaliyooza. Miche iliupenda sana.

Sasa, choo chao kilibomoka wakati wa mvua. Kaka aliahidi kuchimba kingine.

"Wiki ijayo," alisema.

Wiki ijayo ya kaka yangu ilichukua miezi saba. Muda wote huo, mwenye haja kubwa alikwenda kichakani.

Kisha wifi akapata mimba. Sote tulifurahi, maana walikuwa wameingoja miaka sita. Ilipofika mwezi wa tano, alianza kuchoka. Alibeba ndoo moja ya maji, akakaa. Alibeba ya pili, akahema kama aliyepanda mlima.

"Wifi, unadeka," nilimwambia. "Mimi nilishona nguo mpaka siku ya kujifungua."

"Labda ni mimba," alijibu. "Kichwa kinazunguka. Na vidole vya miguu vinaniwasha tangu mvua zianze."

"Hiyo ni samadi unayokanyaga. Paka mafuta."

Daktari nisiye na cheti, nikatoa dawa.

Asubuhi moja nilisikia kopo la kumwagilia likianguka. Nilikimbia. Nilimkuta amechuchumaa, ameshika kifua.

"Moyo unakwenda mbio," alisema. "Na sijafanya kazi yoyote."

Nilimshika mkono ili nimwinue. Kiganja chake kilikuwa cheupe kama kitambaa kilichochujuka rangi. Nilifungua kope ya chini ya jicho, nikaona weupe huohuo. Hapo utani ukaniisha mdomoni. Nilifunga cherehani, tukaenda zahanati.

Muuguzi alimtoboa kidole, akapima wingi wa damu.

"Saba nukta nane," alisema. "Mama mjamzito tunataka awe na kumi na moja au zaidi. Dada, kila mwanamke hutoka damu anapojifungua. Wewe ukitoka hata kidogo, huna akiba. Unaweza kupoteza maisha, wewe na mtoto."

 Wifi aliweka mkono juu ya tumbo.

Muuguzi akampa kikopo kidogo. "Niletee choo kidogo humu, tukipime."

"Choo cha nini?" niliuliza. "Tatizo si damu?"

"Tunataka kujua damu inakwenda wapi," alijibu.

Majibu yalitoka baada ya saa moja. Yalikuwa minyoo ya safura. Muuguzi alimuuliza mimba ina miezi mingapi, kwa sababu dawa ya minyoo haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Yeye alikuwa ameshaivuka. Alipewa dawa palepale, pamoja na vidonge vya kuongeza damu vya kumeza kila siku. Aliambiwa ale maharage, mboga za majani, mayai na nyama, kadiri atakavyopata.

Tukiwa njiani nilimwomba radhi kwa kumwita mdekaji.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila leo utanimwagilia miche."

Kesho yake alikuja ofisa wa afya wa zahanati. Sisi tunamwita Bwana Afya. Ni mzee mpole, huongea taratibu, na hachoki kuulizwa. Tulimweka kwenye kigoda kitaluni.

"Udongo huu mzuri mnautoa wapi?" aliuliza.

Kaka alionyesha kichakani kwa kidole.

"Na choo chenu kiko wapi?"

Kaka aliinua kidole kile kile. Kilielekea kichaka kile kile. Akakishusha, akatazama chini.

"Basi nitawaeleza," alisema Bwana Afya. "Mnyoo wa safura ni mdogo, urefu wake hauzidi ukucha. Hukaa ndani ya utumbo. Hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kidogo. Lakini wakiwa mamia, na wakinyonya usiku na mchana, mtu huishiwa. Ndiyo maana unachoka. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio. Damu ni chache, kwa hiyo moyo unaizungusha haraka haraka."

"Waliingiaje tumboni?" aliuliza wifi. "Mimi nanawa kabla ya kula."

"Hawa waliingilia miguuni. Mnyoo hutaga mayai, na mayai hutoka na haja kubwa. Yakiangukia ardhini huanguliwa. Vinatoka viminyoo ambavyo jicho halivioni. Ukivikanyaga pekupeku, vinapenya ngozi. Ndipo unapowashwa. Kisha vinasafiri na damu hadi mapafuni, vinapanda kooni, unavimeza bila kujua. Vikifika kwenye utumbo, vinakua."

Mimi mwili ulinisisimka. Wifi yangu, yeye, alisogeza kigoda karibu.

"Mayai hayo huanguliwa baada ya siku ngapi?"

"Siku moja au mbili."

"Na baada ya hapo, mpaka viminyoo viweze kuingia mguuni?"

"Kama wiki moja, wiki na nusu."

"Yanataka udongo gani?"

"Laini, wenye unyevu. Na kivuli. Jua kali na ukavu huyaua."

Wifi alitazama kichanja cha nyasi. Akatazama udongo mweusi na njia zenye maji. Akacheka kicheko cha uchungu.

"Kivuli, unyevu, udongo laini," alisema. "Bwana Afya, nimeotesha minyoo pamoja na miche. Na nimeitunza vizuri!"

Mzee alitikisa kichwa. "Nimefundisha watu miaka ishirini. Hakuna aliyeniuliza maswali kama yako."

Alituachia mambo ya kufanya. Familia yote ipimwe na itibiwe, maana kaka naye alikuwa anakwenda kichakani. Choo kichimbwe, mbali na kitalu na kisima. Udongo wa kichakani uachwe. Na Mama Miche avae viatu vya mpira na glavu.

Kaka hakungoja wiki ijayo. Jioni ile ile alichukua sururu. Alichimba siku tano, mikono ikatoka malengelenge, na sikumsikia akilalamika. Alijenga choo chenye mlango, mfuniko, na kopo la kunawia mikono. Udongo mpya aliuchota ng'ambo ya mto, mahali ambapo watu hawaendi haja.

Lakini viatu vilileta shida. Wifi alivivaa, akaingia kitaluni, akasimama katikati akiwa amepotea.

"Sisikii kitu," alisema. "Ni kama nimefungwa macho."

Alimwagilia kwa kubahatisha. Baada ya wiki mbili miche mia tatu ilikuwa imeoza mizizi. Nilimkuta ameketi mbele ya miche hiyo analia.

Kaka alimwonea huruma. "Vua basi kwa dakika chache tu, mke wangu. Ukague, halafu uvae."

Nilimwangalia wifi. Najua jinsi alivyoipenda kazi ile. Alifuta machozi.

"Sivui," alisema. "Miche nitapanda mingine. Mtoto huyu nimemngoja miaka sita."

 Kisha akachukua kiriba kimoja kilichokufa na kingine kilicho hai. Akavipima mikononi, kimoja huku, kimoja kule. Akaviweka chini, akachukua vingine viwili.

"Wifi, hebu shika," aliniambia. "Kipi kina maji?"

Nilishika. Kimoja kilikuwa kizito, kingine chepesi. Hata mimi niliyezoea sindano na uzi nilitambua.

Kuanzia siku ile alikagua kitalu kwa kuinua viriba. Kila mstari aliinua vitatu: cha mwanzo, cha kati na cha mwisho. Mwezi ulipoisha, hakuna mche uliooza tena. Aliwafundisha wenye vitalu wengine. Wale waliokuwa wanamwonea kijicho walikuja pia, na hakumficha hata mmoja. Aliwaambia na habari za safura, bila haya, choo na kila kitu. Niliona fahari kuitwa wifi yake.

Zahanati walimpima choo tena, hakukuwa na mayai ya minyoo. Damu yake ilipanda kidogo kidogo: tisa, kisha kumi. Wiki mbili kabla ya kujifungua ilisoma kumi na moja nukta tatu.

Uchungu ulianza alfajiri. Nilikuwa naye zahanati, chumbani kwa mkunga. Mtoto alitoka, akalia kwa nguvu. Kisha damu ikatoka, kama inavyotoka kwa wanawake wote. Niliikodolea macho. Nilikuwa namhesabia pumzi.

Mkunga alimkanda tumbo, akapima mapigo, akatazama kope zake.

"Damu imekatika," alisema. "Na huyu mama bado ana rangi. Yuko salama."

Kabla ya saa nne asubuhi wifi alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka. Alimtoa binti yake kwenye ziwa, akamfunika vizuri.

"Haya, shangazi mtu," aliniambia. "Mpokee mwanao."

Nilimpokea. Machozi yalikuwa yananitoka, na mikono yangu ilitetemeka mpaka mkunga akasogea ashike. Wifi akawahi. Alinyoosha mkono wake, akaushikilia wangu kwa chini, na mkono ule ulikuwa na nguvu.