Injini ya Baba Cheryl

TAARIFA YA TATU NA YA MWISHO KUHUSU UKIUKAJI WA KANUNI YA UTULIVU WA WAKAZI: KUACHA INJINI IKIUNGURUMA NDANI YA GEREJI ILIYOFUNGWA.

Ndivyo ilivyosema karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa gundi ambayo, kwa kanuni za kamati iliyoiandika, ni marufuku kugusa rangi ya mlango. Waringa aliisoma akiwa bado na sare ya unesi, ametoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha. Kamati ya wakazi wa mtaa wao wa Germantown, huko Marekani, ilikuwa na watu wachache na muda mwingi. Kabla ya hizi tatu ilimwandikia kuhusu ufagio aliousahau nje. Hii ya leo angeicheka, kama angekuwa na nguvu za kucheka. Gari lililokuwa gerejini halikuwa na betri. Mumewe, Gitau, aliing'oa mwenyewe majani yalipoanza kupukutika, na tangi lilikuwa kavu kama koo la mlevi asubuhi.

Akapitia gerejini, maana ndiyo njia fupi ya kufika kitandani. Akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoipuliwa sasa hivi.

Gari lenyewe lilikuwa mojawapo ya yale ya Kimarekani ya miaka ya sitini, yenye injini kubwa kuliko busara ya dereva. Gitau alilinunua kwa Cheryl, mwalimu mstaafu wa mji wa Falls Church, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na ambaye huwaamkia shikamoo hata watoto wachanga. Baba yake alifia kwenye usukani wa gari hilo, mbele ya nyumba yake, injini ikiunguruma. Cheryl hakulificha hilo, wala hakuficha la pili: jamaa za marehemu walikuwa wakisema injini si ile ya kiwandani, kwamba iliwahi kung'olewa ikawekwa nyingine. Kwa wapenzi wa magari hayo neno hilo si dogo. Gari lenye injini iliyozaliwa nalo lina ukoo. Lililobadilishwa injini ni kama mtu aliyeazima jina la babu. Namba ya kumaliza ubishi huwa imegongwa kwenye bloku, kiwiliwili cha chuma cha injini, lakini hapa ilikuwa imezikwa chini ya rangi na grisi ya nusu karne.

Gitau akaanza kukaa ndani ya gari ili, kama alivyosema, kulisikiliza. Mwanzoni ilikuwa jioni tu, akishatoka kwenye kompyuta za watu na foleni ya barabara kuu ya Beltway. Baadaye akawa analala humo. Nyumba ikaanza kunuka moshi wa petroli, na ndani ya moshi huo sigara za mentholi, na Gitau ni mzee wa kanisa ambaye hajawahi kushika sigara. Zimamoto walikuja na kifaa cha kupima hewa ya sumu. Kifaa kikapiga kelele, wakatafuta injini inayowaka wasiione, wakaandika "chanzo hakijabainika," wakamwachia Waringa sumaku ya kubandika kwenye friji. Lakini kilichomtisha zaidi ni siku Gitau aliposukuma kikombe cha chai kando na kutaka kahawa nyeusi. Mwanamume wa Murang'a akikataa chai, mkewe ana haki ya kuogopa. Na kila asubuhi midomo yake ilikuwa na wekundu wa mtu aliyevuta hewa ya sumu, ambao nesi yeyote anaujua. Alikuwa anakufa kidogokidogo, akiwa amekaa, mikono kwenye usukani.

Waringa akamsimulia Bi Marjani wa Tanga, mwenzake kazini. Bi Marjani hakushtuka. Aliendelea kukunja shuka, akashusha sauti.

"Mwanangu, jini hafukuzwi kama mbwa. Huulizwa kwanza. Jina lako nani, kwenu wapi, wataka nini. Usipojua kwao ni wapi, utamwambia aende wapi?"

Waringa, binti wa kanisa tangu kubatizwa, aliitikia kwa kichwa kama mtu anavyomwitikia mkwe, kisha akampigia simu Mchungaji Solomon.

Mchungaji, ambaye siku za wiki huendesha teksi ya uwanja wa ndege, alifika Jumamosi mchana na kikundi cha maombi na thermosi mbili za chai. Akasikiliza habari yote hadi mwisho, akatoa hukumu. Injini ni ya kuja, sivyo? Basi pepo alikuja nayo. Hapa ni mgeni tu. Waringa alitaka kusema kwamba hakuna aliyekwisha kuiona hiyo namba, kwamba hayo ni maneno ya jamaa za marehemu tu, kwamba yuko mama mmoja wa Tanga aliyesema kuuliza kutangulie. Lakini alikuwa hajalala tangu jana, na mtu mwenye usingizi hukubali.

Gitau alikataa kushuka garini. Wakalizunguka, wakaweka mikono juu ya boneti na juu ya kichwa chake kupitia dirishani, wakaanza kuomba, na kadiri walivyopaza sauti ndivyo kitu kilivyoanza kunguruma chini ya viganja vyao, kwanza kama paka, kisha kama lori linalopanda mlima, hadi makopo ya rangi yakacheza kwenye rafu na moshi wa mentholi ukawaingia machoni, na hakuna aliyethubutu kuondoa mkono kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza.

"Wewe mgeni," Mchungaji akaunguruma juu ya mngurumo, "uliyeingia kwenye gari hili wala si kwenu, toka! Rudi ulikotoka!"

Watu wote waliokuwa mle gerejini wamewahi kuambiwa maneno hayo, katika maegesho ya duka fulani au jingine. Wakasema amina kwa uchu.

Gitau akamgeukia mkewe. Macho yake yalikuwa ya mtu aliye dirishani mwa basi linaloondoka.

"Mama Makena," akanong'ona, "waambie wanyamaze. Huyu ni mimi."

Mchungaji akasema pepo wote husema hivyo. Akarudia amri.

Mngurumo ukakatika. Gitau akashuka, akajipangusa jasho, akaomba kahawa.

Wiki ikapita kimya. Midomo yake ikarudi rangi yake, akalala kitandani, upande wa ukutani ambao hakuwa akiupenda. Kamati ikaleta barua: shauri limefungwa, kwa kuwa chanzo cha kero kimeondoka kwenye makazi.

Ndipo akaja Ryan, mkaguzi wa chama cha magari ya zamani, ambaye Gitau alikuwa amemwita kabla ya yote hayo. Alisafisha bloku kwa dawa na kitambaa laini. Msasa hautumiki, alieleza, kwa sababu kisu cha kiwandani huacha mistari myembamba kwenye chuma, na mtu akisaga namba ili agonge nyingine, mistari hufutika. Akamulika tochi. Mistari ilikuwepo yote. Namba ililingana na ile ya kwenye dashibodi.

"Injini hii haijawahi kutoka humu," akasema. "Imezaliwa nalo."

Waringa akaegemea mashine ya kufulia. Gitau akalipapasa gari ubavuni, akasema kwa Kiingereza cha kuvutavuta, cha wazee wa kusini mwa Marekani:

"Ningewaambia. Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akamwomba Ryan sigara.

Simu ya Waringa ikalia mfukoni. Alikuwa mama mkwe, kutoka nyumbani Murang'a, akinong'ona kama mtu asiyetaka kusikika nje.

"Mama Makena, Gitau alifika lini huku? Tangu Jumamosi anabisha mlango, anaomba chai. Nikifungua, hakuna mtu. Lakini mbwa wanamtikisia mkia."

Waringa akamtazama mwanamume aliyesimama kando ya gari, akivuta moshi kwa macho yaliyofumbwa nusu.

Kilichotokea ni hiki: walimwamuru mgeni atoke ndani ya gari na arudi kwao, na mgeni humo hakuwa baba Cheryl, alikuwa Gitau. Akatii.